Ndege wa Njano Waliofuata Ng'ombe

Harufu ya dawa ya kupe huniudhi mpaka leo. Ni kali, inakaa kooni, na ikinifikia tu nakasirika. Miaka ya tisini ilipoanza tuliishi katika kambi ya askari wa gereza dogo nje ya Jinja, ambako Baba alikuwa koplo aliyesimamia ng'ombe wa gereza. Chini ya kambi palikuwa na mbuga ya nyasi fupi zenye majimaji, na mvua za mwisho wa mwaka zilipoanza walifika ndege wadogo kutoka Ulaya. Sisi watoto tuliwaita wachunga, kwa sababu walitembea miguuni mwa ng'ombe kutwa nzima wakidaka nzi waliorushwa na kwato, mkia mrefu ukipanda na kushuka bila kupumzika. Walifika wamechakaa, rangi ya majani makavu. Kufikia Machi, wakikaribia kurudi kwao, tumbo lilikuwa njano kama kiini cha yai la kienyeji, mgongo kijani cha ndizi mbichi, na baadhi ya madume kichwa cheusi ti. Mimi nilikuwa mtu wa kujificha. Mgeni akija nyumbani niliingia chini ya kitanda. Ndege wale sikuwaonea haya. Nilikaa mbugani wakanipita karibu na vidole vya miguu.

Msimu mmoja wake za askari walilima ulezi nyuma ya kambi, na minana wakaushambulia. Mnana ni ndege mwingine kabisa: mnene, mdomo mfupi wa kuvunjia punje, anafuma viota mitini. Anafanana na mchunga kwa rangi ya njano, basi. Mkuu wa gereza, ambaye hakuwahi kuikanyaga ile mbuga, alisimama gwarideni akanyoosha fimbo yake kuelekea matete yaliyoota majini pembeni mwa mbuga, ambamo wachunga walilala makundi kwa makundi. "Hii ndege ya njano inamaliza chakula ya watoto wetu. Koplo, chukua bomba ya ng'ombe, piga dawa pale yote." Baba akapiga saluti.

Nyumbani nilimfuata. "Baba, wewe unawaona kila siku. Hao hawali ulezi."

"Afande amesema."

"Lakini unawaona!"

"Afande amesema, wewe mtoto. Nenda ukasaidie mama yako."

Basi nikaenda mwenyewe, mimi niliyeogopa hata kuagizwa chumvi dukani. Nilimkuta Mkuu kivulini mwa ofisi na askari wake. Nikasema, "Afande, wale si minana. Wanakula nzi tu." Alicheka mpaka akakohoa. "Sikieni! Mtoto ya Koplo amekuwa wakili ya ndege. Wamekupa nini, mayai?" Mke wa sajini aliyekuwa akipita akadakia, "Kumbe ana mdomo! Mimi nilisema huyu ni bubu." Wote wakacheka. Baba alikuwepo. Alicheka nao.

Jioni alivaa mgongoni bomba la kunyunyizia ng'ombe dawa ya kupe, akaingia kwenye matete. Asubuhi maji yalikuwa yamefunikwa na manyoya ya njano na ndege waliokufa, wengine bado wanapapatika, midomo wazi. Ng'ombe walishuka mbugani bila ndege wao, nzi wamejaa machoni. Na kule kwenye ulezi minana walikuwa wakila na kupiga kelele kama jana. Wake za askari walivuna mabua. Hakuna mtu mzima aliyemuuliza Mkuu.

Sasa niko Sinia Tatu, yaani kidato cha tatu, katika shule ya bweni Mbale. Wachunga huja kwenye uwanja wetu chini ya mlima, wachache, wakifuata ng'ombe wa majirani. Kule Jinja matete yamekatwa, yamepandwa magimbi. Siku ya wazazi Baba alikuja shuleni, akawaona wachunga, akafurahi. "Angalia, ndege wetu wa Jinja! Pale siku hizi hawaji. Sijui walipotelea wapi."

"Hawakupotea. Uliwapiga dawa."

"Ilikuwa amri."

"Na ulijua si wao."

Alitazama viatu vyake. Hapakuwa na afande wa kumtaja. "Nilijua," akasema.

Miaka yote nilidhani nikilisikia neno hilo hasira itapoa. Haikupoa. Tuliendelea kuwatazama wakidaka nzi, wachache kiasi kwamba ningeweza kumpa kila mmoja jina.