Kiti cha Fundi Milimita

Katika karakana yao kila fundi mkongwe alikuwa na kidole kilichopungua, isipokuwa mmoja. Fundi Milimita alikuwa na vidole vyake vyote kumi, na wenzake hawakumwacha apumue kwa hilo. "Fundi mwenye vidole kumi ni fundi mwoga," walimtania wakati wa chai. Naye hakubisha, kwa sababu alikuwa mwoga kweli. Alipima, akapima tena, akaenda kunywa maji, akarudi kupima mara ya tatu, na milango yake ilifunga bila kelele. Woga ulikuwa umemlisha na kumlindia mikono, kwa hiyo jioni hakuuacha kazini pamoja na randa. Alirudi nao nyumbani.

Aliyeula woga huo zaidi ya wote ni bintiye wa mwisho, ambaye nyumbani aliitwa Kitinda tu. Siku mtoto alipojifunza baiskeli, baba alikimbia nyuma ameshika kiti, akagoma kuachia mpaka kona ya barabara, na aliyeanguka na kuchubuka magoti ni yeye baba. Kitinda aliendelea mbele salama salimini, hana habari kwamba ameachiwa.

Kitinda huyo huyo ndiye aliyekuja kuupenda mchezo wa vishale. Baba akampimia korido ya nyumbani: kutoka uso wa ubao hadi mstari wa kurushia, mita mbili na sentimita thelathini na saba, akapaka rangi nyeupe sakafuni. Mstari ulifutika kwa soli za viatu, akaupaka tena, ukafutika tena. Miaka ikaenda, msichana akawa mwanamke, akaacha kazi ya duka la dawa na kuingia mashindano ya ubingwa ya wachezaji wa kulipwa. Kwa mgeni kama yeye sharti lilikuwa moja: ukifika fainali unabaki, usipofika unarudi ridhaa kuanza upya. Sasa alikuwa nusu fainali, na duka la dawa lilishapata mtu mwingine.

Na kama vile hilo halikutosha kumpandisha presha mzee wa watu, ukumbi ulimwajiri yeye kujenga jukwaa. Jukwaa lilikuwa lake, ubao aliutundika yeye, mstari aliuchora yeye. Wakampa na kiti pembeni kabisa, upande wa ubao, mfuko wa zana miguuni, ili kitu kikilegea asitafutwe. Hakuna mtu aliyekaa karibu zaidi na vishale. Mkewe alikaa kiti cha pili, na karanga zake kwenye kikaratasi, ametulia kama mtu aliyekuja kusubiri basi.

"Unanisukuma," alisema mkewe.

"Nani? Mimi?"

"Kila mtoto akirusha unainama. Unamkwepa nani?"

Kwenye jukwaa mambo yalikuwa mabaya. Mpinzani wa Kitinda aliitwa Barafu, bwana mnene mwenye kijiti mdomoni, ambaye akishinda hacheki na akikosa hanuni. Raundi zilikuwa nne kwa moja, Barafu akiongoza, na wa kwanza kufikisha sita ndiye anayekwenda fainali. Kitinda alilenga pale wanapolenga wote, kwenye kile kichumba chembamba kinachozidisha ishirini mara tatu. Kishale kikaingia chini yake. Cha pili, chini yake. Cha tatu, chini yake tena, upana wa kucha tu.

Chini. Kila mara chini. Fundi Milimita alianza kupiga hesabu. Mtu akikosa kwa bahati mbaya hukosa huku na huku. Kukosa sehemu moja tu ni kosa la kipimo. Akautazama mstari alioupaka kwa mkono wake. Je, kama aliusogeza nyuma? Je, kama kamba ya futi ilijikunja, naye macho yake siku hizi si macho tena?

"Mama watoto," alinong'ona, "nadhani mstari umekosewa."

"Na nani?"

"Na mimi."

Mkewe alimenya karanga. "Basi nenda kaseme."

Ni rahisi kwa anayekula karanga. Fundi aliona shimo pande zote mbili. Akinyamaza na mstari ni mbovu, mwanawe anazama kwa mkono wa babake. Akisema, ukumbi mzima utasema mzee ameona binti anapigwa, sasa anatafuta mchawi. Tena kama kweli alikosea, jina la Milimita limekwisha, na karakana nzima itacheka mpaka vidole vyao vilivyobaki vidondoke. Alikaa hivyo mpaka mapumziko yalipotangazwa. Ndipo akainuka, akamwendea mwamuzi mkuu, mama mmoja aliyevaa miwani ya kamba shingoni.

"Mheshimiwa, naomba mstari upimwe."

Mwamuzi alivaa miwani. "Anayeomba ni fundi, au ni baba wa mchezaji?"

"Fundi," alisema, kwa sauti ya baba.

Wakapima mbele ya watu wote. Barafu alisimama pembeni akihamisha kijiti kutoka shavu hili hadi lile. Mtu mmoja nyuma akapiga kelele, "Mpe bintiyo kigoda, asogee!" na ukumbi ukaangua kicheko. Mwamuzi alipima mara mbili, akashika kipaza sauti.

"Mstari uko sawasawa. Hongera kwa fundi."

Makofi yakapigwa, na hajawahi kupigiwa makofi yaliyomuunguza kama yale. Alitamani ardhi ipasuke aingie na mfuko wake wa zana. Mkewe alimtazama kwa huruma. "Nyani haoni kundule," alisema taratibu, na fundi akadhani anamsimanga tu.

Hapo ndipo alipoikumbuka fremu. Lo! Ile fremu! Miezi miwili nyuma, kwa furaha ya binti kuingia mashindano makubwa, alimtengenezea ubao wa korido fremu mpya ya mbao ngumu, nene, iliyopigwa msasa mpaka ikateleza. Akaibandika ukutani, akautundika ubao juu yake, na kwa furaha hakupima. Fremu ile ilikuwa imeusogeza ubao mbele vidole viwili, na mstari wa sakafuni umebaki palepale! Miezi miwili mtoto amefanya mazoezi kwa karibu, na sasa kwenye umbali wa kweli vishale vinamwangukia chini. Mara moja tu maishani hakupima, na kilichokatika si kidole chake.

Alimkuta Kitinda nyuma ya jukwaa, ameketi juu ya spika ya zamani, anajifuta viganja kwa taulo.

"Mwanangu, nisamehe. Ni mimi. Ile fremu ya korido..."

"Imesogeza ubao mbele," alisema Kitinda. "Najua, baba."

"Unajua?"

"Niliiona siku ile ile. Tangu hapo nikawa nasimama nyuma ya mstari, vidole viwili."

Nje ya pazia watu walikuwa wanarudi kwenye viti. "Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa umefurahi, baba. Ulikuwa unaipapasa kila ukipita. Ningekuambiaje?"

Hilo lilimgusa pabaya, akatazama viatu vyake. Lakini fundi ni fundi, na kipimo kisichojulikana hakimwachi alale. "Basi kosa liko wapi? Mbona vinaanguka chini?"

Kitinda alikunja taulo, akalikunjua, akalikunja tena. Alikuwa na tabia hiyo tangu mdogo, akiwa na neno asilotaka kulitoa.

"Baba, usinikasirikie."

"Sema."

"Kiti chako kiko pembeni ya ubao. Nikilenga, nakuona. Nikiinua mkono tu, unainama. Nami nashuka na wewe."

Fundi Milimita angeambiwa mkono wa binti umeumia, angevumilia. Angeambiwa mstari mbovu, angeufuta kwa ulimi. Hili halikuwa na futi ya kulipimia. Aliumia, tusidanganyane, aliumia sana. Kisha akaona kwamba mwanawe amelikunja taulo mpaka likawa dogo kama ngumi.

"Nikakae nyuma kabisa?"

"Nitakutafuta kwa macho."

"Basi nitoke nje."

"Utaweza?"

"Siwezi," alisema. "Lakini natoka."

Alimkabidhi mkewe mfuko wa zana. Mama akaupokea, akatoa nyundo na kuilaza mapajani juu ya maganda ya karanga. "Nenda, baba watoto. Kitu kikilegea nitakipiga mimi."

Nyuma ya ukumbi palikuwa na uchochoro wa mapipa na kreti za chupa tupu. Aligeuza kreti moja, akakaa, sikio kwenye ukuta. Sauti ya mtangazaji wa alama ilipenya, imefifia lakini inasikika. "Mia moja!" Ya nani? "Arobaini na moja!" Na hiyo ya nani? Mtangazaji hutaja alama, hataji mwenye alama, na fundi alibaki na namba zisizo na wenyewe. Alijaribu kuhesabu zamu kwa vidole vyake kumi, lori la maji taka likapita, akapotea. "Mia na themanini!" Ukumbi ukalipuka. Kwa furaha au kwa huzuni? Alijikuta ameinama mpaka paji la uso limegusa magoti. Akaona pale hapana anayemwona, akainama atakavyo.

Alitaka kurudi ndani, achungulie kwenye upenyo wa pazia, mara moja tu. Akasimama, akashika kitasa, akahesabu misumari ya mlango. Akarudi kukaa.

Kelele za mwisho zilikuja kubwa, zikaisha. Mlinzi alifungua mlango, akastaajabu kumkuta. "Mzee, mechi imeisha. Ingia."

"Usiniambie kitu," alisema fundi, ameziba masikio. "Atatoka mwenyewe aniambie."

Mlinzi alimwangalia kama mgonjwa, akaenda zake. Muda ukapita, na kila dakika iliyopita ilimkanyaga. Hatimaye Kitinda alitokea, kikasha cha vishale kwapani, nywele zimelowa jasho. Baba alimsoma uso wote na hakuambulia neno. Binti alikuwa amechoka tu, kama wachokavyo waliopoteza na walioshinda.

Kitinda alisimama mbele ya kreti, akamshika bega.

"Baba, fainali ni jioni," alisema. "Utakaa wapi?"

Fundi Milimita alijifuta macho kwa mikono yote miwili, kisha akaitikisa kreti yake kuona kama ni imara.

"Hapahapa."