Mboga ya Siku Tatu

Mliokulia kwenye ploti za mabati miaka ile ya tisini mtaniunga mkono: Krismasi haikuwa ikianza tarehe ishirini na tano. Ilianza siku mbili kabla, chungu cha mboga kilipopandishwa jikoni. Ukibisha, basi wewe ulikulia kwa wenye friji. Sina ugomvi nawe, ila haya hutayaelewa vizuri.

Sisi tulikuwa tunakaa Lindi, Kibera, chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia la maua mekundu. Upande mmoja kitanda cha Baba na Mama, upande wa pili viti, meza, na sisi watoto watatu tuliolala chini kwa mpangilio wa umri, mimi Nekesa nikiwa wa kwanza karibu na mlango. Baba alikuwa seremala. Mama alifanya kazi ya nyumba kwa watu wenye uwezo, huko ng'ambo ya barabara kubwa. Mwaka mzima tulikula ugali na sukuma, sukuma na ugali. Lakini wiki ile ya Krismasi, wee! Huku mtu anakanda unga kwenye karai, kule mwingine anatwanga njugu, na sisi watoto tumekabidhiwa sinia za mchele tuchague mawe. Ukipitisha jiwe moja tu likamvunja mgeni jino, utakumbushwa mpaka siku ya harusi yako.

Chapati zilipikwa tarehe ishirini na nne. Zikitoka motoni zilipangwa kwenye beseni, zikafunikwa kwa leso mbili, kisha beseni lote likaviringishwa kwa blanketi la Baba ili zilale na joto lake. Baba ndiye aliyelala bila blanketi, na sikuwahi kumsikia akilalamika. Watoto wangu leo wanakula chapati Jumanne, siku isiyo na maana yoyote, tena wanabakisha nusu kwenye sahani wakiniambia wameshiba. Nawatazama tu. Sisi chapati tuliinusa kwanza, tukaizungusha, tukaanza kuila pembeni polepole ili katikati pawe mwisho.

Sasa, kwenye hiyo mboga. Kwetu Waluhya mgeni wa heshima hapewi mboga ya kuchemshwa mara moja ikaletwa mezani. Hiyo tunasema ni ya ng'ombe. Mama alikuwa akishuka Silanga, kwa wale waliolima kando ya bwawa, ananunua saga, managu na mito, majani machungu ya kienyeji. Siku ya kwanza tunachambua, anachemsha kwa munyu, ile chumvi yetu ya majivu ya maganda ya maharagwe, ambayo alichuja mwenyewe kwenye mkebe uliotobolewa matundu. Anamwaga maji machungu, anatia maziwa. Siku ya pili maziwa tena. Siku ya tatu malai na njugu iliyosagwa, na hapo uchungu wote umeisha, mboga imelainika mpaka huhitaji meno. Ila ina masharti. Asubuhi, mchana na jioni lazima ichemke, na ikishaipuliwa isifunikwe mpaka ipoe kabisa. Ukifunika ikiwa moto, jasho la kifuniko linaidondokea, na kesho yake utakuta imechacha.

Hayo nilikuwa nayajua. Nilikuwa na miaka kumi na moja, na naomba niseme mapema kwamba nilikuwa nayajua.

Mwaka ninaousimulia hatukwenda ushago, kijijini kwa kina Baba. Kukhu, yaani nyanya yetu mzaa baba, ndiye aliyekuja Nairobi kwa mara ya kwanza. Alifikia Kawangware kwa mdogo wake, kwa sababu kwetu mama hawezi kulala chumba kimoja na mwanawe aliyeoa. Haifanyiki. Kwa hiyo kwetu angekuja mara moja tu, mchana wa Krismasi, ale, arudi. Mlo mmoja.

Na huo mlo mmoja ulimkosesha Mama usingizi tangu Novemba. Mnielewe: Mama alizaliwa Kibera, akakulia Kibera, akaolewa Kibera. Kila tulipokwenda ushago, akiinuka tu kuelekea jikoni, Kukhu alimwambia kwa sauti tamu kabisa, "Wewe keti, mama wa tauni. Utachafuka." Tauni, yaani mjini. Miaka kumi na miwili! Wake wenza wake wote, wale walioolewa na ndugu za Baba, walikuwa wakisonga ugali na kucheka pamoja kule jikoni, na Mama ameketi sebuleni kama mwalimu wa kutoka wilayani, amepakata mkoba. Safari ya kurudi alikuwa akitazama nje ya dirisha mpaka Nakuru. Tukimwongelesha, anajibu neno moja.

"Atakula chakula changu," alituambia mwaka huo, akichambua mito. "Mwaka huu atakula mkono wangu, akatae mwenyewe."

Tarehe ishirini na nne, tajiri wake Mama akamwita kazini. Alikuwa na wageni wake na hakujali kama sisi tuna wetu. Mama akaniachia chungu. "Nekesa, mchana chemsha, acha wazi ipoe. Jioni kabla sijafika chemsha tena. Usiende mahali."

Mimi nilikuwa na mahali. Wasichana wenzangu watanielewa: ilikuwa siku ya kuchomwa nywele! Mara moja kwa mwaka, kitana cha moto, mafuta, na sikio moja la kuungua kama ada. Nilikuwa nimeahidiwa, na foleni ya saluni ya Kianda siku hiyo ilikuwa ndefu kushinda ya kanisani. Nikachemsha mboga mchana, ikatokota vizuri. Halafu nikafikiri. Lo, akili zangu! Chapati si huviringishwa blanketi zikalala na joto mpaka kesho? Basi na mboga itakaa na joto lake mpaka jioni, na hakutakuwa na haja ya kuiwasha tena. Nikafunika chungu kikiwa moto, nikakifunga kwa leso, nikakiviringisha kwa blanketi la Baba, nikakisukuma chini ya kitanda kwa upendo. Nikatoka mbio.

Nilirudi jua linazama, nywele zimelala kichwani kama nimelambwa na ndama, sikio linauma. Nikafungua blanketi haraka, nikarudisha chungu mahali pake. Mama akaingia amechoka, hata viatu hajavua. "Umechemsha?"

"Mara mbili, Mama."

"Asante, mwanangu." Akaketi kwenye jiko, akaanza chapati, sitini, moja baada ya nyingine. Jiko lilikuwa moja. Mboga haikuguswa tena.

Asubuhi ya Krismasi niliamshwa na ukimya. Mama alikuwa amechuchumaa mbele ya chungu, bakuli la njugu mkononi, kifuniko chini. Ile harufu niliisikia kutoka nilipolala. Juu ya mboga palikuwa na povu jeupe, linapumua.

"Nekesa. Ulichemsha?"

Nikaanza kulia kabla ya kujibu, na hilo likawa jibu. Nikamwambia yote, blanketi, saluni, yote. Nikangoja kofi. Kofi lingekuwa zuri. Mama aliweka lile bakuli la njugu chini polepole, akasema, "Basi." Akaketi kwenye kigoda, akatazama mikono yake. Kuku alikuwapo, chapati zilikuwapo, wali na ugali vingepikwa. Lakini alijua, na mimi nilijua, kwamba Kukhu angetafuta mboga kwanza. Angeikosa na angetabasamu. Angesema, "Hapana shida, mama wa tauni."

Hapo ndipo Mama Akinyi, jirani yetu wa mlango unaotazamana na wetu, Mjaluo wa maneno mengi na miguu myepesi, akaja kuomba chujio. Akasimama mlangoni, akanusa.

"Mama Nekesa, ni nini imekufa hapa?"

Mama akamwambia. Mama Akinyi akanitazama, akatazama nywele zangu, akasonya. Akatoka bila chujio. Akarudi na sufuria yake ameishika kwa matambara mawili: mboga yake ya siku tatu, ya maziwa, aliyokuwa akiitunza kwa wageni wake mwenyewe siku hiyo hiyo.

"Chukua."

"Siwezi. Wageni wako je?"

"Wageni wangu ni ndugu zangu, watakula sukuma na watasema asante. Kwako ni mama mkwe anakuja, huyo si mgeni, huyo ni mtihani. Usinisumbue asubuhi ya Yesu."

Kukhu akafika mchana, yeye na mdogo wake, kitambaa cheupe kichwani, mkoba wa ngozi kwapani. Akatazama chumba, akatazama pazia. Aliomba sala ndefu hata wali ukapoa. Na kweli, kuku na chapati alivipita. Akamega ugali, akachota mboga, akatafuna. Akachota tena. Mama alikuwa amesimama karibu na jiko, na nilimwona amekunja ncha ya leso mkononi, anaibana.

"Nzuri," Kukhu akasema. Baba akatabasamu. Kisha Kukhu akaongeza, "Lakini hii ina magadi, si munyu. Nani amepika?"

Baba, aliyetoka alfajiri kwenda kuwaleta wageni, hakuwa anajua lolote, akamgeukia Mama. Ilikuwa rahisi Mama aseme, "Ni mimi, munyu uliniishia." Nani angebisha? Hata mimi nilikuwa namwombea aseme hivyo.

"Si mimi, Mama," akasema. "Yangu imechacha. Hii nimepewa na jirani."

Sijui nilitoa wapi nguvu. Nikasimama na nywele zangu za kuchomwa, nikasema, "Kukhu, ni mimi niliyeiharibu. Mama alipika vizuri."

Kukhu akasogeza sahani kando. Akafuta vidole. "Hiyo iliyochacha iko wapi?"

Mama akaileta, uso umeinama. Kukhu akafunua, akachovya ncha ya kidole kwenye kile kitu kilichokuwa kikinuka, akaonja! Sote tukakunja nyuso. Yeye akatulia, akatafuta kitu kwa ulimi.

"Munyu umekaa sawa," akasema. "Mito imetolewa uchungu vizuri. Siku ya kwanza na ya pili ulipika. Ya tatu ndiyo walikuibia." Akanitazama, na nadhani alikuwa karibu kucheka. Kisha akamrudia Mama. "Na huyu jirani aliyekupa, yeye anakula nini leo?"

"Sukuma, Mama."

"Krismasi?"

"Ndiyo, Mama."

"Mwiteni. Na wageni wake wote waje na sahani zao."

Tulikula watu kumi na saba ndani ya chumba kile na nje mlangoni. Chapati sitini hazikubaki hata moja. Mama Akinyi na Kukhu walibishana kuhusu magadi na munyu mpaka Mama Akinyi akasema, "Nyanya, wewe kichwa ngumu," na Kukhu akacheka hadi kitambaa kikamtoka kichwani. Sikuwa nimewahi kuona nywele za Kukhu. Zilikuwa nyeupe pe.

Akiaga jioni, alimshika Mama mkono. Mimi nilikuwa nimebeba mkoba wake, kwa hiyo nilisikia. "Huko nyumbani nilikuwa nalala nikiwaza," akamwambia, "wanangu wakiugua huku, nani atajua? Nairobi ni watu wasiojuana. Sasa nimemwona jirani atakayejua. Nitalala."

Agosti iliyofuata tulikwenda ushago. Mama akaketi sebuleni, mkoba mapajani, kama kawaida yake. Kukhu akatokea mlango wa jikoni na mwiko mkononi.

"Mama Nekesa, unakaa huko unangoja nani? Njoo ushike huu mwiko, mkono wangu unauma."

Mkono wake haukuwa na chochote. Mama alikwenda, na nikamsikia akicheka kule ndani na wenzake, sauti yake ikiwa juu kuliko zote. Nililia nikiwa peke yangu pale sebuleni. Sijui kwa nini nililia. Yaani najua.

Wote wawili sasa wamelala, Kukhu na Mama. Mama Akinyi alihamia kwao zamani na tulipoteana. Mimi ninaishi Kawangware, ghorofa ya nne, maji ya bomba na friji kubwa kuliko kabati letu la Lindi. Wanangu Krismasi hubonyeza simu na chakula kinaletwa mlangoni na kijana mwenye kofia ya pikipiki. Wananiuliza kwa nini nijitese kwa siku tatu kwa ajili ya majani. Ninaipika hata hivyo, naigawa kwenye vibakuli, naweka friji. Hakuna cha kuchemsha mchana, hakuna cha kuachia mtoto.

Krismasi iliyopita umeme ulipotea siku mbili. Tarehe ishirini na tano asubuhi nikafungua friji, na ile harufu ikanipiga usoni, ile ile ya utotoni. Nikachukua sufuria tupu, nikatoka nayo koridoni bila hata kufikiri, kandambili miguuni. Milango minane, yote imefungwa. Majina ya waifai zao nayajua yote, simu huniorodheshea kila siku. Jina la mwenye mlango hata mmoja silijui. Nikasimama pale kwa muda, sufuria mikononi, nikisikiliza televisheni zao.

Nikarudi ndani, nikakatakata sukuma.