Pembe Moja ya Jiwe

Mama Kokoto, muuguzi, aliingia chumba cha upasuaji tarehe 3 Machi 2008. Jina hilo alibandikwa na madaktari. Jiwe la figo likishavunjwa na kutolewa kwa mrija uliopitishwa kwenye tundu dogo la mgongoni, yeye huvipanga vipande juu ya shashi, akivilinganisha na eksirei, mpaka jiwe lirudie umbo lake.

Jumatatu hiyo pembe moja ilikosekana. Mgonjwa, fundi cherehani, alikuwa na saa tatu kwenye usingizi wa dawa, na presha yake ilishaanza kushuka.

"Figo safi, mama. Natoa mrija," alisema daktari.

"Jiwe halijatimia, daktari."

"Wewe nawe! Unajenga nyumba?"

Roho ya Mama Kokoto ilikuwa juujuu. Akikosea, fundi atakuwa amecheleweshwa bure hatarini. Akinyamaza, kipande kitaziba njia ya mkojo.

"Chumba cha juu cha figo hujakichungulia kwa kamera," alisema.

Daktari alimgeukia mtaalamu wa dawa ya usingizi kuomba muda.

"Dakika tano," alijibu huyo. "Hata moja zaidi sikupi."

Daktari akairudisha kamera ndani.