Mabenchi Yaliyofunguka kwa Maji ya Moto

"Huyu hatafika Pasaka," walisema watu wa mtaa. Siku nilipotundika kibao changu mbele ya nyumba ya mama yangu mtaani Bagira, Papa Cirhuza, seremala mkubwa wa mtaa, alisimama barabarani ndani ya abakosti yake, koti lisilo na tai, na kukisoma kwa sauti: "Menuisier diplômé," yaani seremala mwenye diploma. Kisha akawageukia watu. "Mutoto ameenda mpaka Lubumbashi kutafuta karatasi. Mbao haijue kusoma."

Nilicheka. Mtaa mzima, mwenye diploma ya useremala alikuwa mimi peke yangu, na niliipata bila mjomba wa kunisukuma.

Kule Lubumbashi bosi wangu wa kwanza alikuwa Chef d'atelier, mkuu wa karakana, mtu mwembamba mwenye sauti ya honi. Siku yangu ya kwanza kazini aliniweka mbele ya sufuria mbili, moja ndani ya nyingine: ya nje ina maji, ya ndani ina kole, yaani gundi, ya mifupa. Kole ile huja kama vipande vikavu vya kahawia. Unailoweka, unaiyeyusha kwa joto la maji, unaipaka ingali moto, nayo hushika ikipoa. Niliacha maji yakakauka. Akafoka: "Citoyen!" yaani raia, kama tulivyoitana enzi hizo. "Kole si sombe, mboga ya kuchemsha! Ikichemka imekufa!" Baada ya miaka minne hakuna aliyenishinda kwa kole hiyo. Nasema bila haya.

Basi Padri wa parokia aliponipa kazi ya mabenchi kumi na mawili, na ahadi ya mengine ishirini yakimpendeza, niliyeyusha kole ya mifupa. Viungo vilikaza hata ncha ya kisu haikupita. Misumari niliikataa, msumari ni wa asiyejua kole.

Jumapili moja ya Kwaresima, katikati ya mahubiri, benchi moja lililia kama mlango mbovu. Papa Cirhuza, aliyekalia benchi hilo makusudi ili akague kazi yangu, akajikuta sakafuni. Likafuata la pili. La tatu. Mkono wa Padri ulibaki hewani.

Watu walipotoka niligusa kiungo. Kilinata kama asali. "Nani ametia maji hapa?"

"Ni sisi," alijibu Maman Nabintu, mkubwa wa wanawake wa usafi. "Kila siku ya posho, kila Jumamosi, maji ya moto na sabuni. Ulitaka tuoshe kanisa na mate?"

"Lakini kole ya mifupa inaogopa maji!"

"Papa Diplôme, uliona wapi benchi inaogopa kuoga?"

Kule Lubumbashi tulitengeneza meza za ofisi, zinazofutwa kwa kitambaa kikavu. Sikuwahi kuwaza kuuliza.

Padri hakunigombeza, na hilo lilinitisha zaidi. "Pasaka, citoyen. Yasiposimama, kazi yote nampa Papa Cirhuza, hata yale ishirini."

Kole nyeupe ya chupa ilikuwa imekosekana madukani, na hata hiyo hulegea kwa maji ya moto. Nikafungua daftari langu la shule: kole ya maziwa. Unatoa mafuta, unaacha maziwa yagande, unayaosha mabonge, unayakamua, unayasaga pamoja na chokaa. Uji huo hukaa laini kwa saa moja hivi, halafu ni jiwe, na maji hayausumbui sana. Ila haushiki haraka: mbao lazima zibanwe hadi kesho yake kwa serre-joints, vyuma vya kubania. Mimi nilikuwa navyo vinne.

Nilikwenda Kavumu kwa mama yangu mdogo, mwenye ng'ombe. Aliposikia alikaa chini. "Maziwa ya kupakala mbao? Batu batasema umerogwa!" Hata hivyo alinikopesha vibuyu vitano, huku akitikisa kichwa.

Niliporudi, habari ya maziwa ilikuwa imenitangulia mtaani; nilimkuta Papa Cirhuza mlangoni, serre-joints nane begani. Nilidhani macho yananidanganya.

"Sikupendi," alisema. "Lakini nilianguka mbele ya bibi yangu wa ndoa. Nataka kuona kama maziwa iko na nguvu."

Niliyafungua mabenchi yote, nikakwangua kole ya zamani hadi mbao ikaonekana, nikayakausha, nikapaka, nikabana. Mawili kwa siku.

Mkesha wa Pasaka, Maman Nabintu alimwaga maji ya moto huku ananitazama. Akamwaga tena. Kesho yake watu walisukuma mabenchi kwa mkono kabla ya kukaa. Hakuna lililolia. Padri akaniagiza yale ishirini.

Sasa nimestaafu, na katika ufundi sijaona wa kunifundisha, ila wale wanawake wenye ndoo. Ninyi vijana, kabla ya kuchagua kole, ulizeni nani ataosha kile mnachotengeneza.

Jumatatu ya Pasaka ile nilimrudishia Papa Cirhuza vyuma vyake, vimepakwa mafuta. Alivihesabu mara mbili. Kisha nikapanda hadi Kavumu na vibuyu vitano vilivyojaa maziwa niliyonunua. Mama mdogo alinusa, akanitazama.

"Unaapa hakuna chokaa?"

"Naapa, maman."

Akamwagia mbwa kidogo. Mbwa alikunywa, akalamba pua, akaomba tena. Ndipo naye akanywa, na mimi nikabaki sina cha mtu mkononi.