Vistari Vitano hadi Kabambare

Kwa miaka mingi nimeuza paneli za jua na betri katika soko la Kasongo, na kwa miaka yote hiyo nimewapa wateja ushauri mmoja tu: usinunue betri iliyotumika. Mbuzi unamfungua kinywa ukaona meno. Betri haina kinywa. Anayejua imebakiza nini ni yule anayeiuza, naye ndiye asiyesema. Wachimba dhahabu wa Salamabila, watu wasiosikiliza hata wake zao, kwa jambo hilo walinisikiliza. Kisha nikaenda Kalemie kuchukua mzigo, nikarudi na betri iliyotumika yenye milango mitano na magurudumu manne. Mganga hajigangi.

Lilikuwa gari dogo jeupe la umeme, la Japani, usukani upande wa kulia, limevushwa ziwa kutoka Kigoma. Mbele ya dereva kulikuwa na vistari vinavyoonyesha afya ya betri. Likiwa jipya vinawaka kumi na viwili. Betri ikizeeka vinazimika kimoja kimoja, na kilichozimika hakirudi. Hili lilikuwa limebakiza vitano. Mwuzaji, mtu mnene mwenye sauti ya kubembeleza, alikuwa amebandika stika yenye neno "Amani" juu ya mahali pa vile saba. Niliibandua.

"Patron, zile zingine ziko za urembo tu," alisema.

"Zote saba?"

"Wajapone wanapenda urembo."

Nilijua ananidanganya, naye alijua kwamba najua. Lakini nilikuwa nimekwisha kufungua mlango wa mbele nikakaa. Niliinuka, nikakaa tena. Nilipima kwa shubiri kutoka chini hadi kwenye kiti, nikakuta ni kimo kilekile cha kitanda cha mama yangu. Mwuzaji aliniona nikipima, na tangu hapo hakupunguza bei hata kidogo.

Mama alikuwa ameanguka kwenye pikipiki miaka minne kabla ya hapo, akitoka Kabambare kumwona dada yake. Mfupa wa nyonga uliunga, lakini uliunga ulivyotaka wenyewe. Hakuweza tena kupanua mguu, na kwetu asiyeweza kupanda pikipiki yuko pale alipo. Magari yanayofika Kabambare wakati wa kiangazi ni malori, na kwa mama kupanda lori kulikuwa sawa na kupanda mchikichi. Nilipendekeza vijana wambebe kwa tipoyi, kile kiti cha mabegani. Alinitazama kana kwamba nimemtukana mbele za watu.

"Mimi si muzungu wa zamani," alisema, "na siyakufa bado."

Dada yake huyo, mama yangu mkubwa, ambaye mama humwita Yaya, yaani dada mkubwa, ndiye aliyemlea. Mama yao alikufa mapema, na mama mkubwa, naye bado msichana, alimbeba mdogo wake mgongoni mpaka alipoanza kukimbia. Sasa alikuwa mzee wa kutoka kitandani hadi barazani, tena masikio yamekufa. Simu haikutusaidia. Tukipiga, mjukuu wake wa kike ndiye anayepokea, mama anasema maneno mengi, mjukuu anampigia bibi yake kelele sikioni, "Anakusalimia!", na jibu refu linalosikika kwa mbali linatufikia limefupishwa: "Amesema sawa." Miaka minne ya "Amesema sawa." Mama alimwomba Mungu amjalie amwone dada yake kabla mmoja wao hajafa, na aliomba kila Ijumaa kwa sauti, mimi nikiwa chumba cha pili. Sidhani alikuwa akimwambia Mungu peke yake.

Gari lilifika Kasongo juu ya lori, limefungwa kamba. Fundi wa mtaani kwetu alifungua boneti, akatazama kwa muda mrefu, akaniuliza kwa upole injini wameiiba wapi. Nilimweleza kwamba gari la namna hii halina. Alifunga boneti taratibu, akanipa pole, na akadai malipo ya kutazama. Kuku hawakulisikia likija, kwa hiyo wiki ya kwanza niligombana na majirani watatu. Kila nikiliwasha, mwanamke aliyemo ndani yake alisema maneno ya Kijapani kwa adabu kubwa, na mama, tangu siku ya kwanza alipoketi kwenye kile kiti, alimwitikia, "Marahaba." Aliona sauti ni ya mtu mdogo kwake.

Nilimpa mchomeleaji vipande vya springi za lori, akaliinua gari kidogo lisiguse mawe. Juu ya paa nilifunga paneli sita kutoka dukani kwangu, nyuma nikaweka mashine ya kugeuza umeme na waya wa kuchajia. Likijaa kabisa, kioo chenye vile vistari kiliandika kilomita sitini. Nilijua barabara yetu itakula nusu. Kwa hiyo mwendo ambao pikipiki inaumaliza kwa siku moja, mimi niliupanga hivi: kwenda asubuhi mpaka betri ikaribie kuisha, kutandaza paneli, kungoja jua la siku nzima na la kesho yake, kisha kwenda tena. Mke wangu alisema kobe angenipita. Nikamjibu kwamba kobe hana kiti cha mbele.

Jumatatu asubuhi, tukiwa tayari tumeketi ndani ya gari, nilipiga simu Kabambare. "Mwambie bibi tumeshatoka," nilimwambia mjukuu. Nilijiona mtu wa maana sana. Wakaaji wa Kabambare wote wanajua kwamba aliyetoka Kasongo asubuhi anafika jioni, na mimi, mtu wa hesabu, sikukumbuka kuwaambia kwamba safari hii ina hesabu nyingine.

Kituo cha kwanza kilikuwa kijiji cha wakulima waliozoea kumuuzia marehemu baba mpunga. Nilitandaza paneli kwenye uwanja wa kanisa, kando ya mihogo iliyoanikwa, na hakuna aliyeona ajabu: wao wanaanika vyao, nami naanika vyangu. Wenyeji wetu ni Wakristo, nao wanajua adabu. Walileta kuku mzima, hai, na kisu, wakanipa mimi nichinje. Ikawa hivyo kila tulipolala. Nilikuwa dereva, fundi wa umeme na mchinjaji. Kila kijiji pia kilinitolea methali ileile ya haraka na baraka, kila mara kana kwamba nimetoka nchi isiyo na methali.

Mama yeye alikuwa na swali moja. Aliketi kwenye kiti cha gari, mlango wazi, miguu nje, na kila nikipita aliniuliza, "Iko inajaa?"

"Iko inajaa, mama."

"Imefika wapi?"

"Nusu."

"Hata asubuhi ulisema nusu."

Kwenye kizuizi kimoja, watu wenye bunduki walitaka kujua natumia mafuta ya nani. Walipoelewa kwamba ni umeme, walileta simu kumi na nne, redio mbili na mashine ya kunyolea, na mkubwa wao akanyolewa palepale kwa betri yetu. Nilitazama kioo muda wote akinyolewa. Kilomita haikupungua hata moja, lakini niliuona ni wizi.

Tulilala Lusangi, tukapita, na Ijumaa tukaingia kijiji kidogo ambacho kilikuwa kituo chetu cha mwisho. Hapo jua lilitukimbia. Ilikuwa mwisho wa kiangazi, na mawingu yalikuja kabla ya zamu yao. Jumamosi nzima paneli sita hazikutoa cha maana. Jumapili asubuhi zilikuwa na umande tu. Nilizifuta kwa kitambaa, nikazigeuza huku na huku, nikazifuta tena. Nimewauzia watu jua kwa miaka mingi, na siku ile nililikosa mimi mwenyewe.

Ndipo akapita mwendesha pikipiki kutoka Kabambare akielekea Kasongo. Mama alimsimamisha kwa fimbo yake, akamuuliza habari za dada yake kwa jina la mtaa na la mume. Kijana alimjua.

"Yule bibi hakuli," alisema. "Tangu Jumatatu. Wanamunywesha uji kidogo tu. Wanasema hii wiki hamalizi."

Mama hakulia hapo. Alimwambia yule kijana azime pikipiki, akaisogelea, akashika kiti chake kwa mikono miwili na kujaribu kuinua mguu. Mguu ulifika kimo cha kifundo cha mguu wa pili, ukagoma. Alijaribu tena. Nilimshika kiunoni nimwinue, naye akapiga kelele ya maumivu ambayo sitaki kuisikia tena. Kisha akakaa chini, kwenye vumbi, na kulia.

"Yaya alinibeba," alisema. "Miye nashindwa kupanda kapikipiki."

Nilisimama nikiona aibu. Nilikuwa nimemtoa nyumbani kwake, nimemweka katikati ya njia, na kilichombakiza hapo ni betri ambayo mimi, mwuza betri, niliinunua nikiwa macho wazi. Nilitazama kioo: kilomita kumi na moja. Zilizobaki hadi Kabambare zilikuwa zaidi ya hizo. Nikachomoa waya, nikafunga paneli, nikamketisha. Nilipowasha, mwanamke wa Kijapani alitusalimia kama kawaida. Kwa mara ya kwanza mama hakumwitikia.

Nilizima kila kinachozimika. Kwenye miteremko gari la namna hii huirudishia betri kidogo kile ilichotumia, na niliteremka kila kilima huku nikitazama namba ikipanda: nane ikawa tisa, tisa ikawa kumi. Kisha kikaja kilima kimoja kirefu, na namba zikashuka bila huruma, zikafutika, mahali pake pakabaki vijistari viwili vitupu, na katikati ya mlima gari likasimama. Lilisimama kimya, maana lilikuwa kimya tangu mwanzo.

Watu walikuwa wakitoka kanisani. Sikuhitaji kueleza mengi. Mama alikuwa ametoa kichwa dirishani akitaja jina la dada yake, na Kabambare si mbali na hapo. Wanaume kama kumi walivua makoti ya ibada wakayaweka juu ya paa, wakashika gari nyuma na ubavuni, wakaanza kusukuma. Punde mmoja akatoa wimbo na wengine wakapokea. Ulikuwa wimbo wa kubebea tipoyi. Mama aliujua, aliusikia utotoni.

"Hii si tipoyi?" aliniuliza.

"Hapana, mama. Tipoyi haina magurudumu."

Alishika fimbo yake wima kama chifu, nami nikashika usukani ambao haukuwa na kazi kubwa. Wakichoka, wengine walipokea. Hivyo ndivyo tulivyoingia Kabambare, alasiri, kwa nguvu za waumini.

Mama mkubwa alikuwa barazani, ameketi kwenye mkeka, amekonda lakini ameketi. Mbele yake palikuwa na sinia iliyofunikwa. Mama alishuka garini bila kungoja mkono wangu. Alivuta mguu wake hadi mkekani, akajishusha chini kwa namna ambayo daktari asingeiruhusu, akaweka mdomo kwenye sikio la dada yake.

"Yaya, unaumwa nini?"

"Siumwi," alisema mama mkubwa kwa sauti kubwa ya viziwi. "Niko na njaa. Walisema mumetoka Jumatatu. Mutu anaweza kula namna gani, na mugeni wake iko njiani?"

Siku saba. Kila siku walimpikia, kila siku alifunika sinia na kungoja, kwa sababu katika ukoo wao mgeni aliyetangazwa hungojwa kwa chakula, hatanguliwi. Mjukuu alinitazama mimi. Kila mtu pale barazani alinitazama mimi. Nilijishughulisha na kufungua kamba za paneli.

Walikula kutoka sinia moja, mkubwa akimtilia mdogo matonge mkononi kana kwamba ana miaka mitatu. Baada ya robo saa walikuwa wanagombana juu ya sufuria fulani ya mama yao, nani aliipasua. Sijawahi kuona ugomvi mzuri kama ule. Mama alikuwa hahitaji mtu wa kumfupishia jibu.

Kesho yake mawingu yaliondoka kana kwamba yalikuwa yakitungoja tu. Nilitandaza paneli uani, nikachomeka waya, na kufikia siku ya tatu betri ilikuwa inakaribia kujaa. Nilianza kufunga mizigo midogo midogo. Duka langu lilikuwa limefungwa kwa muda mrefu kuliko msiba wa baba.

Mama aliniita kutoka barazani. "Iko inajaa?"

"Imebaki kidogo, mama. Saa sita imejaa."

Niliingia ndani kuaga wenye nyumba, na nilipotoka nilimwona anavuka ua kwa fimbo, polepole, hatua na pumziko, hatua na pumziko, mpaka kwenye gari. Aliinama kadiri nyonga ilivyomruhusu, akashika waya kwa mkono wa kushoto, akauchomoa. Akaukunja vizuri kama mtandio, akauweka juu ya boneti. Alipogeuka akaniona nimesimama.

"Imechoka, mutoto wangu," alisema. "Uiache ipumuzike."

Kesho yake asubuhi nilirudi Kasongo peke yangu, kwa pikipiki. Nilifika siku hiyohiyo.