Siku Tano Ambazo Céline Hahesabu

Saa moja asubuhi, sokoni Kalobeyei, makazi ya wakimbizi huko Turkana, kaskazini mwa Kenya. Céline Furaha ameketi juu ya mtungi wa plastiki uliolazwa, daftari mapajani. Mbele yake wanawake kumi na wawili wanauza maziwa ya mbuzi. Kila mmoja anaposhika kikombe cha kupimia, Céline anachora mstari: amenawa, au hakunawa.

"Mama Ruben!" anaita Asekon, wa kwanza kwenye safu, shanga zimempanda hadi kidevuni. "Leo unahesabu mkono yangu ama unahesabu meno?"

"Meno nitahesabu ukicheka."

Asekon anacheka. Safu nzima inacheka.

Hiyo ndiyo kazi ya Céline: kuandika watu wanachofanya, si wanachosema wanafanya. Mama huyu wa watoto watatu, aliyekimbia Uvira, Kongo, na mwanawe Ruben mgongoni, yuko mwaka wa sita kazini. Ametazama mbuzi wa Lokichar kwa watafiti wa mifugo. Ametazama watoto darasani Kakuma kwa watafiti wa elimu. Huko Lodwar, kwa watafiti wa barabara, ametazama waendesha bodaboda: nani anavaa helmeti na nani anaitundika kwenye usukani. Sasa anatazama mikono kwa watafiti wa afya.

"Batu banasema Céline analipwa kwa kukaa," anasema. "Bajaribu! Kaa saa sita kwenye hili jua, usisinzie, usiongeze hata mstari moja ya uongo."

Mikataba yake ni ya miezi mitatu mitatu. Jina lake halijawahi kuonekana kwenye ripoti hata moja, ilhali ripoti zote zimesimama juu ya mistari yake. Basi liandikwe hapa: Céline Furaha, miaka thelathini na sita.

Mwaka jana mistari hiyo nusura iwaponze wanawake hawa. Mradi mmoja ulitaka kujua kama soko hili linahitaji tangi la maji. Ikionekana wauza maziwa wananawa tayari, tangi lingepelekwa kwingine. Céline aliagizwa akae kimya, asisemeshe mtu, atazame tu.

Kwa wiki tatu, wanawake tisa kati ya kumi walinawa. Mkuu wa utafiti, Sylvia Chepkemoi, aliyeko ofisini Lodwar, alifurahi. Ripoti ikapangiwa kutoka Ijumaa ya wiki iliyofuata.

Jumapili, akitoka kanisani, Céline alipita sokoni kununua maziwa. Amevaa kitenge kipya, hana daftari. Hakuna aliyenawa. Hata mmoja.

"Nikamuuliza Asekon, 'Mama, leo mikono haioshwi?' Akanishangaa. 'Si leo hauna karatasi?'"

Asekon hakatai. "Huyu alikuja, hakusema hata salamu ya ejok, hakusema kitu. Anaangalia tu, anaandika. Mtu haisalimii watu ni mtu gani? Tukasema huyu ametumwa kufukuza sisi kwa soko. Basi tukabeba maji ya watoto ya kunywa, tunamwaga kwa mkono akiangalia. Tunarudi nyumbani na kiu."

Kwa woga wa kufukuzwa, wanawake hawa walikuwa wakimwaga maji machache waliyokuwa nayo, na kila tone lilikuwa ushahidi kwamba hawahitaji maji. Tangi lilikuwa linawaponyoka mikononi mwao wenyewe.

Céline angeweza kunyamaza. Mkataba wake ulikuwa unaisha, na ofisi imefurahi. Jumatatu alikuwa Lodwar na daftari lake.

"Madam Sylvia, hii mistari tupa."

"Yote?"

"Yote. Hata ya mbuzi tulitupa."

Kule Lokichar, mbuzi walikuwa wanatafitiwa jinsi wanavyotafuta kivuli. Siku za kwanza hawakutafuta kivuli. Walisimama wakimkodolea macho Céline. Mtaalamu wa mifugo akafuta siku tano za mwanzo, mpaka wanyama walipomzoea. Lakini nani ofisini kwa wataalamu wa afya angeenda kuuliza habari za mbuzi? Elimu zetu zinakaa kila moja kwenye boma lake, mlango umefungwa. Mwanamke mwenye daftari ndiye aliyebeba kaa la moto kutoka boma moja hadi jingine.

"Nilikasirika kama dakika kumi," asema Sylvia. "Halafu nikacheka. Nina shahada mbili, na nilisahau kwamba mtu akitazamwa anajua."

Ripoti ikaahirishwa. Céline akarudi sokoni, akamsalimu kila mwanamke, akaeleza kazi yake: haandiki majina, hamfukuzi mtu. Habari ya tangi hakuigusa, wasije wakaacha kunawa makusudi. Siku tano alinunua maziwa, akasifia shanga, hakuchora chochote. Siku ya sita Asekon alikuwa akigombana na jirani yake kuhusu kivuli, kana kwamba Céline hayupo. Ndipo kalamu ikaanza kazi.

Jibu: wanaonawa ni watatu kati ya kumi. Si kwa uchafu wao. Bomba la karibu lilikuwa mwendo wa nusu saa.

Tangi la lita elfu tano lilifika mwezi uliopita. Wanawake walicheza wakilizunguka hadi fundi akakosa nafasi ya kufunga bomba. Leo wanaonawa ni wanane kati ya kumi.

"Bale benye habanawi nabajua," anasema Céline, akimtupia Asekon jicho.

"Mkono yangu iko safi tangu nizaliwe!"

Mwezi ujao Céline anakwenda Todonyang, kwa watafiti wa uvuvi wanaotaka kujua samaki wanavyoanikwa. Mkataba ulipomfikia aliurudisha bila sahihi, mpaka waongeze siku tano za kazi ambazo hatahesabu kitu. Wameziongeza. Akirudi, anataka kufundisha wasichana kumi kazi hii, wakimbizi na Waturkana pamoja.

"Siku tano nitakula samaki na kusalimia batu," anasema. "Siku bakianza kugombana mbele yangu, hapo nitafungua daftari."