Aliyewasemea Wakorea Kyebando

Habari ilinikuta dukani, wateja wamejaa: yule mfasiri wetu wa filamu amefariki. Nyinyi mnaonisoma kila wiki mnajua sipendi kuandika vifo. Nimechoka navyo. Lakini huyu alifanya kazi katika kibanda changu cha video pale Kyebando, hapa Kampala, kibanda nilichokijenga kwa mikono hii, mimi niliyeishia darasa la tano, na ndicho kilichozaa maduka yote mnayoyaona leo. Siwezi kumpitisha kimya.

Alikuwa mtoto wa kambi ya jeshi, baba yake askari kutoka kaskazini, na Kiswahili chake kilieleweka na mke wa polisi, Mkongo muuza vitenge na Mkenya dereva wa lori. Kazi yake ilikuwa kushika kipaza sauti tamthilia ya Kikorea ikionyeshwa, na kuwasemea waigizaji wote: kijana tajiri anayelia bila kukunja uso (huyo ndiye niliyempenda mimi), msichana maskini, na yule mama mwenye lulu shingoni asiyemtaka msichana. Kikorea hakujua hata salamu. Alisoma Kiingereza kilichoandikwa chini ya picha, kisha akatia chumvi yake.

Siku hizo mwanangu alikuwa ameleta mchumba kutoka Port Bell kule ziwani, yatima aliyelelewa na shangazi muuza samaki. Mke wangu hakumtaka. Mimi niliyezoea kusema na watu wakanyamaza, nilishindwa nyumbani kwangu. Ilifika mahali mwanangu akasema atahama Kampala, na tusimtafute. Basi mchana mmoja mke wangu yuko kibandani kama kawaida yake, yule binti akaja akaketi benchi lilelile, akitafuta angalau kuitikiwa salamu. Kibanda kizima kilijua habari zetu. Kwenye skrini, mama wa lulu akainua glasi akammwagia msichana maji usoni. Wanawake wakageuka kumtazama mke wangu. Mmoja akasema, wala hakunong'ona, kwamba hata Kyebando maji ya kummwagia mkwe yapo.

Mfasiri akamtazama mke wangu, akamtazama na yule binti. Kisha akasema kwa sauti ya yule mama: "Mwanangu, kwetu mkwe tunampokea kwa maji. Karibu nyumbani." Halafu kwa sauti yake: "Wamama, tulieni, hiyo ni mila yao."

Kibanda kikaangua kicheko, maana kwenye skrini msichana wa watu alikuwa analia kwikwi, na mara akaonekana anafukuzwa getini na sanduku lake. Mfasiri hakujali, akasema ametumwa sokoni. Mke wangu naye alicheka mpaka akamshika bega aliyeketi karibu naye, na aliyeketi karibu ni yule binti. Wakarudi nyumbani pamoja. Leo binti huyo ananiita baba.

Kibanda nilishakifunga. Vijana wa nyumbani kwangu wanatazama Wakorea kwenye simu, kila mtu chumbani kwake, na wameniambia kwamba mfasiri wetu alikuwa anakosea sana. Sawa, alikosea. Sasa kila neno linafasiriwa barabara, na sebule niliyoijenga kubwa kuliko zote mtaani haina wa kucheka na mwenzake.

Tulipotoka mazikoni nilimwambia mke wangu kwamba marehemu alimdanganya siku ile, naye akadanganyika. Alinitazama kwa huruma.

"Mzee, nani asiyejua kumwagiwa maji usoni ni matusi? Nilikuwa nimechoka kumchukia yule mtoto. Nilikosa tu pa kushukia, watu wote wananiangalia. Yule bwana akanishusha."

Miaka yote nilidhani nyumba yangu imesimama kwa sababu mke wangu alidanganyika. Kumbe mtu akitaka kuacha ubaya wake, hahitaji kusomewa ubaya huo neno kwa neno. Anahitaji mmoja wa kumsemea vizuri kuliko alivyosema mwenyewe, na wengine wakubali kucheka, apite.